Ngoja Nimalize

6 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yameacha kukusumbua, au angalau yanakusumbua kwa zamu kama ulivyoniambia mara ya mwisho, leo la kulia, kesho la kushoto. Sisi huku hatujambo. Mkweo ameongezewa vipindi pale chuo cha ushonaji na kila siku anarudi sauti imemkauka. Mjukuu wako ametimiza miaka minne, anauliza kila kitu, pamoja na kwa nini mimi nina nywele puani. Kazi yangu ni ileile, lifti asubuhi na lifti jioni. Juzi tumefunga mpya kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili, na siku ya kwanza tu ikakwama na meneja wa jengo akiwa ndani. Lifti ikikwama watu wanaita fundi. Mimi nikikwama, kila mtu anajifanya fundi.

Nina swali dogo kuhusu jukwaa. Unajua jinsi ninavyojivuna nalo. Kila mtu huku nimeshamwambia kwamba shangazi yangu, opereta mstaafu wa ubao wa simu, alijifunza kompyuta uzeeni ili aanzishe Ngoja Nimalize, mahali ambapo sisi wenye kigugumizi tunasema yetu na hakuna anayetumalizia sentensi. Watu hawaamini.

Basi, wiki iliyopita mtu anayejiita Ngazi za Dharura aliandika habari ya mtoto aliyekuwa akifungiwa stoo mpaka aweze kutaja jina lake bila kurudia herufi. Mwishoni aliuliza swali. Nilikuwa nayafuata majibu, yakafika kumi na tisa, na asubuhi moja nikakuta hakuna kitu, posti na majibu yake yote yameondoka. Hata ule mstari wako wa kueleza ni kanuni gani imevunjwa haukuwepo. Kawaida unampa mtu siku mbili arekebishe mwenyewe. Huyu alipewa? Nauliza tu, maana nilikuwa nimeanza kujifunza kitu.

Msalimie mama. Nisamehe kwa mwandiko, nimeandika mapajani nikisubiri vipuri.

Mwanao,
Fundi lifti

*

29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, nimeianika juu ya redio ndipo nikaisoma. Magoti sasa yameacha zamu, yanafanya kazi pamoja. Wifi yangu, mama yako, hajambo kabisa. Tangu afanyiwe upasuaji wa macho anaona vumbi kwenye nyumba yangu ambalo mimi silioni, na halinyamazii. Mpangaji wangu amemfundisha kutumia simu mpya na sasa anasoma kila kitu mpaka matangazo ya sabuni. Tulikwenda kulisafisha kaburi la baba yako, miaka mitano sasa. Wale wa stesheni bado wanamtaja. Wanasema tangu sauti ile iondoke kwenye vipaza sauti, treni zinachelewa zaidi. Nikawaambia zilikuwa zikichelewa hata enzi zake, ila yeye alikuwa anajua kuutangaza uchelewaji.

Haya, hilo swali lako. Posti ile niliiondoa mimi, kwa kanuni ya nne, kwamba asisemwe mtu anayeweza kutambulika. Hukuwa umejiunga wakati ule, kwa hiyo hujui kanuni hiyo ilitoka wapi. Kijana mmoja alimsema mwalimu wake wa zamani. Hakutaja jina, ila alitaja mguu mfupi na baiskeli nyekundu. Siku ya tatu watu wakaenda kuvunja vioo vya mzee mmoja mwenye mguu mfupi na baiskeli nyekundu. Hakuwa yeye. Nililia wiki nzima. Uhuru wa kusema ni mzuri, mwanangu, mpaka jiwe lipite dirishani. Nina watu elfu mbili na mia tatu mle ndani. Nikilegeza kamba wananitukania wazazi wa watu, nikiikaza wananiita askari. Msimamizi hana rafiki.

Huyo Ngazi za Dharura yeye kajificha nyuma ya jina la kubuni, lakini baba wa watu hawezi kuja kujitetea. Na tuseme ukweli, robo saa ndani ya stoo haijamuua mtu. Wazazi wa enzi zile walifanya walichojua. Siku mbili sikumpa kwa sababu nilikuwa na mafua, kichwa kizito, nikafuta nikaenda kulala.

Usijisumbue na ya watu. Mbusu mjukuu wangu, mwambie nywele za puani ni za ukoo.

Shangazi yako

*

17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mkweo anakusalimu.

Ngazi za Dharura ni mimi.

Nilijisajili upya kwa jina lile ili hata wewe usinijue, na nitakuambia kwa nini. Mwezi wa Novemba mjukuu wako alianza kurudiarudia. Aliomba maji, neno likamng'ang'ania mdomoni, na mimi, shangazi, mimi mwenyewe, nikamkaripia, "Sema vizuri!" Alinyamaza siku nzima. Sauti iliyonitoka naijua, sikuzaliwa nayo, niliisikia ikitokea nje ya mlango wa stoo nilipokuwa na miaka sita. Niliogopa sana. Ndiyo maana nikaenda kuuliza kwa watu wanaojua: mzazi aliyefanyiwa hivi afanye nini ili asimfanyie mwanawe? Hilo ndilo swali ulilolifuta. Majibu saba tu nilikuwa nimeyasoma kwa makini.

Sikukuuliza wewe kwa sababu kila nikigusa siku zile jibu lako ni moja. "Mimi nilikuwa kazini, mwanangu, sikujua. Ningejua ningeuvunja mlango." Umeniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na nne, umeniambia siku ya harusi yangu, umeniambia baada ya mazishi. Nilikuamini. Katika nyumba ile nilikuwa na mtu mmoja wa kwangu, nikijua kwamba laiti angekuwepo angenitoa.

Ninayo nakala ya posti yangu kwenye daftari, niliiandika kwa mkono kwanza. Nimeisoma tena baada ya barua yako. Nimeandika "mtu mzima wa nyumbani kwetu". Sikuandika baba. Sikutaja stesheni, wala mji, wala mwaka. Na sikuandika robo saa, shangazi. Sikujua kama ni robo saa. Niliyekuwa ndani sikuwa na saa.

Kanuni ya nne inasema mtu anayeweza kutambulika. Atambulike na nani? Watu wote wale wamesoma, hakuna aliyemtambua hata mmoja. Aliyemtambua ni wewe peke yako, na usingeweza kumtambua kama hukuwepo.

Nakuandikia kwenye karatasi kama siku zote, kwa sababu simu na mimi ni paka na panya. Ila safari hii nimefurahi ni karatasi, kwa kuwa hii huwezi kuifuta. Ulikuwa wapi?

Mwanao

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, tulikuwa na msiba wa jirani, kisha bomba la jikoni likapasuka na fundi akaja mara tatu kulitazama kama anayetazama picha. Mama yako alikuja kunisaidia kukausha. Mpangaji amepata uhamisho, anaondoka mwezi ujao, na mimi sijui nitampata wapi mwingine anayelipa bila kufuatwa. Bei ya mkaa imepanda. Nimebadilisha miwani.

Barua yako nimeisoma. Kwanza nikuambie kilichoniuma. Umenitega. Mtoto niliyemfungia vitabu kwa magazeti, niliyekaa naye akisoma kila neno taratibu mpaka mwisho, ameniwekea mtego kama wa panya, akanisalimia shikamoo akingoja niingie. Miaka kumi na miwili nimesimamia jukwaa lile bila senti, nimetukanwa na watu ambao sijawahi kuwaona, na nililianzisha kwa ajili yako. Kama ni usaliti basi tugawane.

Pili, hujui kazi ya opereta. Unavaa vifaa vya masikio asubuhi na unasikia kila kitu, lakini sheria ni kwamba hukusikia. Atakayetoa neno nje anafukuzwa siku hiyohiyo. Miaka ishirini na nane nimesikia ndoa zikivunjika, watu wakipewa habari za vifo, mwizi akipanga na mwenzake. Sikufumbua mdomo. Niliwaunganisha, nikangoja, nikachomoa waya. Mtu akishinda hivyo mchana kutwa, unadhani jioni anaivua tabia hiyo mlangoni pamoja na viatu? Tena nilikuwa nimehifadhiwa nyumbani kwa kaka yangu, na mgeni hana amri.

Sasa unataka nini, niirudishe? Mama yako anasoma jukwaa lile siku hizi, nimekuambia macho yake yamepona. Unataka akutane na habari hiyo akiwa peke yake na simu mkononi? Fikiria na wengine.

Shangazi yako

*

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima.

Sikuuliza kuhusu kazi ya opereta, nimeuliza ulikuwa wapi.

Mama nimempigia. Mimi, kwa simu, nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha mitambo cha jengo la watu. Ilinichukua dakika kumi na moja kumweleza habari ambayo wewe ungeisema kwa dakika moja, na alingoja, hakunimalizia hata neno. Kisha akasema, "Irudishe, mwanangu. Nimeishi nayo, sembuse kuisoma." Akaniambia na yeye alijua, kwamba alikuwa akiongeza mafuta kwenye taa ya jikoni isiyohitaji mafuta ili mikono iwe na kazi. Akalia, nami nikalia. Hakunidanganya kwamba hakuwepo, na nimegundua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Kwa hiyo usimweke mama mbele yako kama ngao. Mtego nakubali niliutega, na sijivunii. Lakini mtego hukamata kilichopo.

Wewe ndiye uliyetuandikia kwamba msimamizi haamui jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Nikiwa na miaka kumi na nane ulinisomea kanuni hiyo mezani kwako kabla hujaiweka, ukaniuliza kama ni ya haki. Nikasema ni ya haki. Sasa ama uirudishe posti pamoja na majibu yake, ama umpe mwingine usimamizi. Siulizi kwa ajili ya kushinda. Mjukuu wako siku hizi haombi maji, ananyoosha kidole. Nayahitaji yale majibu, shangazi, na mengine kumi na mawili sikuwahi kuyasoma vizuri.

Mwanao

*

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sina habari za kukupa safari hii. Wote wazima.

Chumba nilichopewa kilipakana na stoo. Kitanda changu kilikuwa upande huo kwa sababu upande wa pili palivuja. Nilikuwa na saa ya kengele, ya kuniamsha niende kazini, na nilikuwa nikikaa nayo mkononi. Nilijiambia ikipita robo saa nitatoka. Mara nyingi baba yako alifungua kabla. Siku mbili hakufungua, ikapita robo saa, ikafika nusu, na sikutoka. Hilo ndilo jibu la swali lako. Sikuwahi kulisema kwa mtu.

Nimeacha usimamizi. Nimekutumia neno la siri kwenye karatasi ndogo, ndani ya bahasha ya pili, usiitupe. Jukwaa ni lako kuanzia leo, lifanye unavyoona. Posti yako sikuirudisha, nakuachia uirudishe mwenyewe. Vitu vilivyofutwa havipotei, vinakwenda kwenye pipa ambalo msimamizi peke yake ndiye anayeliona. Ya kwako iko juu kabisa.

Ukishaipata usifunge. Shuka chini mpaka mwaka ule baba yako alipostaafu, mwezi wa tisa. Kaa kwenye kiti kwanza. Nilitaka kukueleza hapa, nimechana karatasi nne.

Shangazi yako

*

3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mkweo hajambo, mtoto hajambo.

Nilikaa kwenye kiti kama ulivyosema. Nainakili hapa neno kwa neno, kwa sababu nataka uione kwa mwandiko wangu. Aliyeiandika alijiita Kipaza Sauti.

"Samahanini kwa kuingia, mimi sina kigugumizi. Nina mtoto wa kiume anacho. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimfungia stoo mpaka ataje jina lake vizuri. Jina nilimpa mimi na lilikuwa gumu, ningeweza kuchagua lingine. Watu walinisifia sauti yangu nikadhani sauti ni kitu cha kumlazimisha mtu. Sasa ni mtu mzima, yuko mbali. Akipiga simu nikapokea mimi, namsikia anahema tu, basi nampa mama yake. Nataka kumwomba radhi lakini sauti yangu ndiyo inayomkwamisha. Nimwandikie? Nianze na neno gani? Ninyi mnajua kuliko mimi. Naomba msaada."

Chini yake kuna maandishi yako ya rangi nyekundu. "Imeondolewa. Kanuni ya pili: jukwaa hili ni la wenye kigugumizi tu." Ilikaa dakika kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuijibu.

Ulimjua. Nani mwingine angejiita jina lile? Na aliishi miaka mitatu zaidi, shangazi. Nilikuja nyumbani mara nne katika miaka hiyo. Tulikaa sebuleni yeye na mimi, tukatazama mpira, akaniuliza kama lifti zinalipa, nikasema zinalipa. Kila mmoja alikuwa na neno kooni na kila mmoja akamngoja mwenzake. Wewe ulikuwa ukituletea chai. Miaka hiyo mitatu uliniandikia barua thelathini na moja. Nimezitoa kwenye boksi nikazisoma zote upya, habari za magoti zimo, za mpangaji zimo, hata za paka wa jirani. Hilo halimo.

Na hukuvunja kanuni, ndicho kinachonichoma. Ya baba uliifuta kwa kuifuata kanuni, ya kwangu uliifuta kwa kuipinda. Kanuni kwako zilikuwa ufunguo, ukifungia unachotaka. Nimekaa nayo wiki mbili nikitafuta sababu nyingine na sijaipata zaidi ya hii. Angeniomba radhi, tungeongea, na siku moja ningemuuliza ni nani mwingine aliyesikia. Basi ukatunyamazisha wote wawili, ili wewe usije ukaulizwa. Stoo nilishaisamehe zamani, shangazi. Hata saa yako ningeisamehe. Hili silijui nitalifanyaje.

Nimezirudisha zote mbili. Yangu ina majibu hamsini sasa. Mmoja ameandika kwamba hakuna dawa, ni kukaa chini mpaka uso wako ulingane na wa mtoto, na kungoja. Nimefanya hivyo. Jana alitaka kunieleza habari ya mdudu aliyemwona bafuni. Ilichukua muda mrefu, uji ukapoa, akaimaliza, akacheka. Hakunyoosha kidole.

Ya baba nimeirudisha kinyume cha kanuni ya pili, na wapo waliolalamika, wana haki. Nimewaachia wapige kura kama wazazi waruhusiwe. Juu ya posti yake nimeweka mstari mmoja: "Aliyeandika amefariki. Aliyekusudiwa ameisoma." Majibu yanaingia kila siku, watu wanamwambia aanze na neno gani. Wengine hawakuuona mstari wangu, wanamsihi afanye haraka.

Nilipoingia asubuhi nilikuta na wewe umeanza kumwandikia jibu. Halikuwa limekamilika, ila msimamizi huona hata rasimu; lilikuwa linaanza, "Kaka yangu". Nimeisoma hiyo sehemu, kisha nikaifungia akaunti yako isiandike. Sijakufukuza. Kusoma unaweza.

Mtoto wa kaka yako